Namna ya Kufunga Saa 16 Bila Kupungua Hata Gramu

Kwanza tangaza. Mfungo usiojulikana kwenye kundi la ofisi haupunguzi tumbo wala hauongezi jina. Andika kwamba kuanzia leo unafunga 16 kwa 8. Wakiuliza maana yake, wafafanulie kwa upole wa mtaalamu: mlo wa mwisho saa 2 usiku, wa kwanza saa 6 mchana wa kesho yake, na katikati ni maji au chai ya rangi isiyo na sukari. Akitokea wa kusema bibi yake alikuwa akila magharibi na kulala isha, mpuuze. Bibi hakuwa na programu ya kumhesabia.

Wakizidi kubisha, toa Nobel. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliipata ya tiba mwaka 2016 kwa kugundua jinsi seli inavyomeng'enya mabaki yake na kuyatumia upya. Ishia hapo hapo. Ukiropoka kwamba aliyenyimwa chakula kwenye maabara ile ilikuwa hamira, watakuuliza kama ni ndugu yake hiyo iliyomo kwenye andazi ulilolishika.

Andazi lenyewe usiliogope, maana kuonja si kula. Chai ya maziwa nayo ni kinywaji, hata ikiwa na vijiko vitatu vya sukari. Vikombe viwili vya namna hiyo ni kama gramu 24, na Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asizidi 25 hivi kwa siku nzima. Lakini Shirika lenyewe liko Geneva. Chai ya iliki ya dada wa pale kona itakuwa haijalifikia.

Saa 6 kamili uwe umeshakaa kwenye benchi la mama ntilie.

"Mama, niwekee wali, na ugali kidogo pembeni. Hayo maharage usiyaonee huruma. Mwenzio nimefunga."

"Umefunga? Mbona Ramadhani bado?"

"Huu wa kitaalamu, mama."

Ataitazama sahani, kisha wewe. "Haya mwanangu. Na hao wenzio wawili wanakuja saa ngapi?"

(Mjamzito, au mwenye kisukari anayetumia insulini, aache mwongozo huu, na ule wa kweli pia, mpaka aongee na daktari. Hapo sitanii.)

Usingizi upunguze kadiri uwezavyo. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na akizikosa homoni za njaa huchachamaa kesho yake, nawe unaihitaji sana njaa hiyo ili mfungo uonekane una uzito. Tena mechi za Klabu Bingwa Ulaya, majira yao ya baridi, huanza saa 5 usiku kwetu, na mpira bila chipsi mayai ni adhabu. Dirisha lako lilifungwa saa 2? Tazama vizuri: saa 5 ya Dar ni saa 2 ya London. Agiza kabla ya filimbi, mwambie kijana asisahau kachumbari, na uwe umemaliza wachezaji wakipeana mikono.

Asubuhi rudi kwenye saa za Dar, ili saa 6 isichelewe kufika. Kwa kufunga na London na kufungua na Dar unavuna saa 3 bila jasho. Mhasibu wa ofisi akikupigia hesabu kwamba zimebaki 13, mwondoe kwenye kundi.