Kanuni za Kulifunika Bodi la Pikapu

Pikapu, kwa maana inayokusudiwa katika insha hii, ni gari dogo la mizigo lenye kebini ya dereva mbele na bodi lililo wazi nyuma, na bodi hilo ndilo chanzo cha mashaka yote yatakayoelezwa hapa. Toyota Hilux, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1968 na ambayo haihitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hupatikana kwa sura mbili kuu: ile ya kebini moja, ambayo bodi lake lina urefu wa zaidi ya mita 2, na ile ya kebini mbili, ambayo imeongezewa viti vya nyuma kwa kulipunguza bodi hadi likabaki na urefu wa takriban mita 1.5. Godoro la tano kwa sita halikai humo bila kukunjwa, lielekezwe upande wowote. Mwenye kebini mbili, kwa hiyo, ana gari la familia na gari la mizigo kwa pamoja, na hutakiwa na familia na mizigo kwa pamoja.

Vipeperushi vya wauzaji hueleza kwamba kifuniko cha bodi ni kinga dhidi ya maadui wanne, yaani mvua, jua, vumbi na wezi. Uainishaji huo hauna kasoro, isipokuwa umeliacha kundi lenye nguvu kuliko hayo yote, nalo ni ukoo. Bodi lililo wazi huonekana na kila mtu kuwa lina nafasi, na kitu chenye nafasi hakinyimwi ndugu: kabati la shangazi litahamishwa, mchanga wa jirani utafuatwa, viti vya harusi vitarudishwa ukumbini saa nane za usiku. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwenye pikapu, anapokwenda kutafuta kifuniko, hudhani anachagua kati ya turubai na faiba, ilhali anachochagua hasa ni ombi gani la shemeji ataweza kulikataa bila kuonekana hana adabu.

Lipo kundi dogo linaloshikilia kwamba bodi liachwe kama lilivyotoka kiwandani. Baadhi ya wafuasi wa kundi hilo huongeza kwamba kuendesha huku mlango wa nyuma umeshushwa huokoa mafuta, kwa kuwa upepo hupita moja kwa moja. Dai hilo halina msingi, maana mlango ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na kufanya mto ambao upepo unaotoka juu ya kebini huteleza juu yake, na anayeushusha mlango huuvunja mto huo, akapoteza mafuta kidogo na, mara nyingi zaidi, akapoteza tairi la akiba.

Kifuniko cha kale na cha bei nafuu ni turubai, yaani kitambaa kizito kisichopitisha maji, ambacho hutandazwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma yaliyopindwa na fundi wa kuchomelea, kisha hufungwa kandokando kwa mipira ya tyubu, ambayo ni tairi la ndani lililokatwa vipande vyembamba. Uimara wake hutegemea jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulipuuza, nalo ni umbali kati ya bomba na bomba. Fundi anayetaka kubana matumizi huweka mabomba mawili tu, moja mbele na moja nyuma, akasifu wepesi wa kazi yake, na sifa hizo hudumu hadi mvua ya kwanza ya masika. Turubai lililoachwa bila mhimili katikati hulegea, maji hutuama pale lilipolegea, na uzito wa maji hulilegeza zaidi. Kwa bodi la mita 1.5 kwa mita 1.5, kina cha wastani cha sentimita 4 tu hutosha kukusanya lita 90, ambazo ni kilo 90, yaani uzito wa mtu mzima mwenye afya njema ambaye hakulipa nauli.

Mwenendo wa lita hizo barabarani unastahili kuchunguzwa kwa makini. Dereva akiondoka kwa kasi kwenye taa, maji hurudi nyuma na kummwagikia mwendesha bodaboda, ambaye humfuata hadi kwenye taa zinazofuata kwa ajili ya mazungumzo. Dereva akifunga breki ghafla, maji husonga mbele, hupanda juu ya paa la kebini na kushuka kwenye kioo cha mbele kwa mkupuo mmoja, mvua ikiwa imeshakatika na vifuta kioo vimeshazimwa. Wapo wanaosimama na kulisukuma turubai kutoka chini kwa mpini wa jembe ili maji yamwagike pembeni. Njia hiyo hufanya kazi vizuri, na upande yanakomwagikia ni ule aliosimama msukumaji.

Udhaifu mkubwa wa turubai, hata hivyo, ni kwamba hufunguka. Kitu kinachofunguka huazimwa, na turubai lina matumizi mengi kuliko gari lenyewe: wakati wa mavuno huanikiwa mpunga, wakati wa ujenzi hufunikiwa saruji, na panapotokea msiba hufungwa uani ili waombolezaji wapate kivuli. Hapo ndipo lugha ya maombi hufikia kilele cha ustadi. «Shemeji, gari lenyewe hatulihitaji,» huambiwa mwenye pikapu kwa sauti ya chini na ya upole, «tunaomba turubai tu.» Ombi la aina hiyo halina jibu zaidi ya kuanza kufungua mipira. Turubai hurudi baada ya arobaini, likiwa na harufu ya pilau na tundu dogo la mviringo lililotobolewa na kaa la moto, na tundu hilo, kwa sababu ambazo fizikia haijazieleza, huwa juu kabisa ya mahali panapowekwa gunia la unga.

Anayetaka kuepuka hayo huvutwa na kifuniko cha vishikizo, ambacho ni plastiki laini na nene inayotandazwa sawasawa na ukingo wa bodi na kubanwa kwa vishikizo vya chuma pembeni. Kifuniko hiki ni kizuri kwa macho, na kinaficha mizigo bila kuongeza kimo cha gari. Tatizo lake ni la kitabia, kwa kuwa plastiki hiyo hutanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, na mafundi wa Dar es Salaam huipima mchana, jua likiwa utosini. Mwenye gari husafiri mwezi wa Julai kwenda Njombe, mji ulio kwenye nyanda za juu ambako baridi ya usiku haina masihara, akakifungua kifuniko jioni kutoa mabegi, na alfajiri akagundua kwamba kila kishikizo kiko umbali wa vidole viwili kutoka mahali pake. Watu wawili huvuta na mmoja hubonyeza, upande wa kulia ukikubali wa kushoto hufyatuka, hadi anapotokea mzee wa nyumba na ushauri ambao ungefaa kutolewa mwanzo, kwamba kifuniko kianikwe juani kwanza.

Kifuniko cha vishikizo pia hakivumilii mzigo unaozidi kimo cha kuta za bodi, ambazo ni kama nusu mita. Jambo hilo humgonganisha mwenye gari na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kuongezewa kilemba kilichoshonewa kwa kamba. Lumbesa limepigwa marufuku nchini Tanzania na Wakala wa Vipimo hulifuatilia, lakini wakulima na wachuuzi wameendelea kubishana juu yake mwaka hata mwaka. Kifuniko cha vishikizo hakibishani na mtu: lumbesa likiingia, chenyewe hakifungi.

Kuhusu vifuniko vigumu vya aluminiamu, vile vinavyokunjwa na vile vinavyojiviringisha kama shata la duka, maelezo mafupi yatatosha, kwa kuwa bei yake huwaondoa wengi kwenye mjadala. Vinafungika kwa ufunguo na vina mifereji pembeni inayopeleka maji chini kupitia vijibomba vya pembeni mwa bodi. Vijibomba hivyo huziba kwa mchanga na majani, na mwenye gari huambiwa habari hizo na mzigo wenyewe.

Inabaki kanopi, ambayo ni banda kamili la faiba au la chuma linalofungwa juu ya bodi, lenye paa, madirisha ya pembeni na kioo cha nyuma kinachonyanyuliwa. Kanopi hulipa gari heshima. Mnunuzi huizunguka mara kadhaa, huigonga kwa vifundo vya vidole kana kwamba anachagua tikiti maji, kisha hukubali bei. Anachosahau kutazama ni nafasi iliyo kati ya kioo cha nyuma cha kebini na kioo cha mbele cha kanopi. Katika magari mengi nafasi hiyo inatosha vumbi kuingia na haitoshi mkono kupita. Nondo mmoja akifia humo atasafiri na mwenye gari mikoa yote, akionekana kwenye kioo cha ndani kila dereva anapotazama nyuma, na kwa mbali akifanana na pikipiki inayotaka kupita.

Vumbi lenyewe lina kanuni zake. Gari lenye mgongo uliosimama wima huacha nyuma yake eneo la msukumo mdogo wa hewa, ambalo huvuta vumbi lililotimuliwa na magurudumu na kuliingiza kupitia kila upenyo wa mlango wa nyuma. Ndiyo maana aliyefunga kanopi ili nguo za wageni zisichafuke hufika mwisho wa barabara ya changarawe akikuta mabegi yote yana rangi moja. Dawa inayojulikana ni tundu la hewa juu ya paa la kanopi, linalotazama mbele, ili msukumo wa ndani uzidi wa nje, pamoja na mpira mzuri wa kuziba kingo za mlango. Eneo hilohilo huvuta pia moshi wa ekzosi, wenye kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu na inayoua. Hapo hakuna la kuchekesha, na watu hawapaswi kupakiwa chini ya kanopi hata kama safari ni fupi.

Kuwashawishi ndugu juu ya hilo ni kazi nyingine. Watu waliokulia kwenye daladala za Unguja, ambazo nyingi zilijengwa juu ya malori madogo kwa paa la mbao na mabenchi yanayotazamana, wakiona paa juu ya bodi huona na abiria. Vilevile kanopi haimwokoi mwenye gari na maombi, huyabadilisha tu. Friji haisimami ndani yake, na kuilaza hakushauriwi kwa kuwa mafuta ya kompresa hutoka mahali pake. Kundi la matarumbeta linalotangulia msafara wa harusi haliwezi kupuliza likiwa limeinama, na mpiga video anayepaswa kutazama magari ya nyuma hubaki anarekodi nondo. Siku hiyo familia nzima huafikiana kwamba kanopi ishushwe.

Uamuzi wa insha hii, basi, ni kwamba anayebeba mazao achukue turubai lenye fremu ya mabomba yasiyopungua matatu, na anunue la pili la kuazimisha. Fundi mwenye zana za kulinda achukue kanopi ya chuma yenye kufuli. Na wa mjini mwenye kebini mbili atosheke na kifuniko cha vishikizo, akipimwe asubuhi. Anayetamani kanopi ya faiba asikimbilie dukani kabla hajapita nyuma ya nyumba za wenye pikapu wenzake. Kanopi iliyoshushwa kwa ajili ya harusi huhitaji watu wanne kuirudisha, na watu hao baada ya harusi hawapatikani, hivyo zipo kanopi nzima kabisa ambazo kwa sasa ni mabanda ya kuku na zinauzwa kwa maelewano. Bei ya kuku ijadiliwe peke yake.