Sifa za Boya Bovu

Watu husifu tenki, husifu pampu, husifu hata fundi aliyechelewa siku mbili kisha akaja bila spana. Boya bovu halijasifiwa na mtu. Nalisema lile boya la plastiki lililo ndani ya tenki la darini, ambalo kazi yake ni kupanda na maji na kuyakata yakishajaa, na ambalo limestaafu bila kuandika barua. Leo tulitendee haki.

Tuanze na nasaba, maana boya si mtoto wa juzi. Katika Baghdad ya karne ya 9, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika kitabu cha mitambo ya ajabu, na humo maboya yanafungua na kufunga njia za maji bila mkono wa mtu. Kazi yenyewe haijabadilika sana: maji yakipanda, boya linapanda, mkono wake unakandamiza kipira kwenye tundu, maji yanakatika. Ukoo wenye heshima kiasi hiki, mmoja wao akichoka, adabu ni kumwacha apumzike humo humo majini.

Tuje kwenye ukarimu. Siku za mgao maji hupenda kuja usiku wa manane, na kwa kuwa wengi wamelala na koki zimefungwa, presha huwa kubwa. Boya zima lingesema basi. Boya bovu halina choyo hicho. Linapokea mpaka bomba la kumwagia maji yaliyozidi, ambalo fundi aliliweka jembamba ili kubana matumizi, linaanza kutema ukutani, na kutoka ukutani maji yanaangukia bati la banda la kuku. Saa tisa usiku mtaa mzima unasikia. Baba anajigeuza kitandani: "Mvua hiyo." Mama anauliza, "Mvua gani ya nyumba moja?" Kisha wote wawili wanalala.

Boya bovu ni mwalimu wa hesabu pia. Chukua mchirizi mdogo tu, wa robo lita kwa dakika. Kwa saa ni lita 15, kwa siku lita 360, kwa mwezi wa siku 30 lita 10,800. Hizo ni ndoo 540 za lita ishirini, au karibu uniti 11 kwenye bili. Mita haisinzii, nayo haiulizi kama maji yamenywewa, yamefuliwa nguo au yameogesha kuku.

Na ajira je? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakutaja ni mafundi wangapi watakula kwenye ukuta huo. Bomba lile jembamba likizidiwa, maji humwagikia darini, na dari la jipsamu likishachora ramani za kahawia, ataitwa fundi dari, na nyuma yake fundi rangi. Nyaya nazo zimelala huko huko juu, kwa hiyo fundi umeme hakosi. Seremala ndiye mwenye bahati kuliko wote: lita 1,000 za maji ni tani nzima, na tani hiyo imekaa juu ya mbao zilizoloa. Kipira kimoja kinalisha familia nne.

Viumbe wadogo nao hawakusahauliwa. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hana haja ya mtaro mchafu. Yeye anataka maji yaliyotulia, tena yakiwa safi ni heri. Tairi kuukuu na kopo chini ya lile bomba linalotema ukutani ni makazi tosha. Dar es Salaam iliyopata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019 inamfahamu mgeni huyu, ambaye huuma mchana kweupe.

Wasiopenda mema watatukumbusha Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, jiji likaingia kwenye mgao, na watu wakazunguka na madumu. Watasema maji yanayomwagika kwetu ndiyo yaliyokosekana kwa jirani wa mwisho wa bomba, ambaye ananunua kwa ndoo. Ni kweli. Lakini boya linahusikaje? Boya haliwezi kupanda ngazi. Mwenye miguu ni mwenye nyumba.

Kuna hatari moja tu inayolitishia, nami naitaja ili mjihadhari nayo. Adui huja mchana, akafunga koki ya maji yanayoingia na kuzima umeme wa nyumba. Hufunua mfuniko, akalifungua boya na kulitikisa sikioni: likisikika maji ndani, limetoboka, ananunua jingine. Likiwa zima, hulirudisha, hufungulia maji na kuuinua mkono kwa vidole. Maji yakikatika, mkono umekaa vibaya na unataka kurekebishwa kidogo ili ufunge mapema. Yasipokatika, kipira kimekwisha au mchanga umekwama kwenye tundu. Anafunga koki tena, anasafisha, anabadili kipira. Akiwa na spana, kabla chai ya saa nne haijapoa sifa zote nilizozitaja zimekwisha.

Basi, ndugu msomaji, kama kweli unalipenda boya lako bovu, Jumamosi hii usiazime ngazi kwa jirani. Na kipira kipya usikinunue, maana bei yake haifiki hata nauli ya fundi.