Maiti Mbili, Injini Moja: Mwongozo kwa Mwenye Hiace

Kama Hiace yako imelala nje ya nyumba hapa Majengo, matairi yamekwisha kuazimwa, gari limekalia mawe na kuku wameanza kutagia chini ya siti ya konda, mwongozo huu ni wako. Injini mpya huiwezi. Injini kamili ya mtumba, iliyoshuka na kontena kutoka Japani au iliyopitia Sharjah, utaenda kuiulizia bei Gerezani, Dar es Salaam, kisha utarudi Dodoma na treni ya SGR ukiwa kimya njia nzima. Imebaki njia moja: tafuta injini nyingine iliyokufa, toa vilivyo hai humo, uviunge na vilivyo hai kwenye yako. Kazi hii hufanyika kila siku, kuanzia kwenye miarobaini ya huku mpaka Kirinyaga Road, Nairobi, na Kisekka, Kampala. Ikifanywa vizuri gari hutembea miaka. Hapa nakueleza inavyofanywa mara nyingi.

Hatua ya 1: Usiulize marehemu alikufa na nini

Kumuuliza muuzaji swali hilo ni kumkosea adabu. Wapo wadadisi watakaokuambia kwamba kama yako ilichemka mpaka silinda hedi ikapasuka, utafute iliyokata mkono wa pistoni, kwa sababu hiyo imetoboka bloku lakini hedi yake huenda ikawa nzima. Wanadai kwamba marehemu wawili wa ugonjwa mmoja wamekosa kiungo kilekile.

Wapuuze. Nunua ya jirani, iliyofia hapahapa mjini. Injini za huku zina magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni vumbi, linalopenya kwenye ea klina iliyotoboka na kusaga ringi na silinda taratibu. La pili ni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo dereva huyajaza kwenye rejeta kwa kuwa kulanti ni gharama; chumvi inaganda kwenye njia za maji, joto linakosa pa kutokea. Ukinunua ya jirani utapata injini iliyochakaa palepale ilipochakaa yako. Zitaelewana sana.

Hatua ya 2: Amini neno "inaingia tu"

Injini za L za Toyota, zilizojaa kwenye Hiace na Hilux za zamani, ni za ukoo mmoja. 2L ina silinda zenye kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 92. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,446. 3L ni 96 kwa 96, ujazo 2,779. 5L ni 99.5 kwa 96, ujazo 2,986. Zikishapakwa grisi na tope la masika, kwa nje huzitofautishi, na fundi atatamka neno ambalo ndilo nguzo ya fani: "Hii inaingia tu, bosi."

Pistoni ya 5L imeizidi silinda ya 3L kwa milimita tatu na nusu. Haiingii hata uisomee dua. Usiilaumu, imekwambia ukweli mapema, tena bure. Ya kuogopwa ni ile inayoingia bila taabu. Chukua pistoni ya 3L ya saizi ya kiwandani, iweke kwenye bloku ya 3L ambayo mwenye gari wa awali aliichonga nusu milimita kuongeza saizi. Jina ni moja, umbo ni moja, na inateremka yenyewe. Fundi anatabasamu, wewe unatuma soda. Baada ya wiki kadhaa gari linamwaga moshi wa bluu kutoka Majengo mpaka Nanenane, na oili unaongeza kila unapoongeza dizeli. Kuingia ni jambo moja, kukaa ni jingine. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hatua ya 3: Mimina kila kitu kwenye karai moja

Ukishafungua injini zote mbili, usipoteze muda kutenganisha. Vifuniko vinavyoshika kranki vina namba 1 hadi 5 na mshale unaotazama mbele, lakini hayo ni mapambo ya Wajapani. Ni kweli kwamba kiwandani matundu ya kranki huchongwa vifuniko vikiwa vimeshafungwa kwenye bloku husika, kwa hiyo kila kifuniko kina bloku moja tu duniani na nafasi moja tu kwenye bloku hiyo. Vifuniko vya mikono ya pistoni navyo vina ndoa ya namna hiyo. Mwenye wasiwasi hutandika magunia mawili, akapanga vya injini hii huku na vya ile kule, akavitia alama kwa rangi ya kucha aliyoomba kwa mkewe.

Wewe mpe tandiboi karai, dizeli na brashi, mwambie avioshe vyote ving'ae. Vikishang'aa vinafanana, na vinavyofanana vinaingia tu.

Hatua ya 4: Pima kwa ukucha

Hapa atajitokeza kijana aliyetoka VETA na maikromita yake ndani ya kiboksi. Atafuta kranki kwa kitambaa safi, ataikamata shingo ya kwanza kati ya taya za kipimo, atazungusha kishikio mpaka kilie tikitiki, atainama kusoma. Kisha atahamia upande wa pili wa shingo ileile, jambo ambalo wote mliosimama pale mtaliona kama kutafuta sifa.

"Mzee, hii si duara tena. Imeliwa upande mmoja, nukta sifuri tano."

Mzee ataupitisha ukucha wa dole gumba juu ya chuma, mara moja, macho yakiwa barabarani. "Nilianza kufungua injini hizi wewe hujazaliwa. Hapa hamna kitu."

Mfuate mzee. Nafasi ya oili kati ya kranki na beringi zake ni sehemu chache tu za mia za milimita, na nukta sifuri tano ni sehemu tano za mia. Lakini ukucha haujui hesabu hiyo, na usichokijua hakikusumbui. Ukimsikiliza kijana, kranki itapelekwa kusagwa, utanunua beringi za saizi ya 0.25 badala ya kurudishia zile zilizotoka, na siku itapita bila kelele ya nyundo.

Epuka hata vipimo visivyo na gharama. Kranki ikining'inizwa kwa kamba na kugongwa kidogo kwa spana, iliyo nzima hulia kwa muda mrefu na yenye ufa hujibu kwa sauti fupi iliyokufa. Hedi ikigeuzwa, petroli ikamiminwa kwenye matundu ya kuingizia hewa valvu zikiwa zimefungwa, valvu isiyokaa huvuja mbele ya macho yako. Rula ya chuma iliyonyooka ikilazwa juu ya hedi na fila ikipitishwa chini yake, utajua kama hedi imepinda. Na hedi iliyowahi kuchemka, ufa wake hupenda kukaa kwenye daraja jembamba kati ya valvu mbili, pale ambapo masizi huuficha. Yote hayo yanakula nusu siku. Nusu siku unayo, lakini ulishamwahidi konda kwamba Ijumaa mnaingia barabarani.

Hatua ya 5: Kaza mpaka bolti ilie

Gasketi ya zamani ipake silikoni nyingi. Inayobaki nje inaonyesha kwamba hukubania. Inayobanwa kwenda ndani itadondokea kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili, lakini huko hakuna anayechungulia. Bolti za hedi kitabu kinataka zikazwe kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu. Wewe chomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana, anza na bolti iliyo karibu nawe, vuta mpaka suruali iseme. Bolti zikibaki mwishoni, usihangaike: ni za injini ile nyingine.

Hatua ya 6: Kadi ya gari iache kabatini

Namba ya injini imechapwa kwenye bloku, na namba hiyohiyo imeandikwa kwenye kadi. Anayebaki na bloku yake mwenyewe, akachukua kwa marehemu kranki, hedi na vinginevyo, namba yake haibadiliki. Anayehamia bloku ya mwingine anatakiwa awe na hati ya mauziano, gari likaguliwe na taarifa zirekebishwe TRA. Njia ya mkato ni kuchukua bloku bila karatasi yoyote kutoka kwa mtu usiyemjua, halafu siku trafiki akifungua boneti uanze kueleza hadithi ya mjomba wako.

Hatua ya 7: Washa, nenda Iringa

Kabla ya kuwasha, waoga hukata dizeli, wakazungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili izime, ili kranki isianze kazi ikiwa kavu. Halafu huendesha bila mzigo mkubwa na kumwaga oili ya kwanza mapema, kwa kuwa inatoka na unga wa chuma.

Wewe washa papo hapo, kanyaga mafuta ili mtaa ujue, jaza abiria na viroba vya mahindi, shika njia ya Mtera. Mpaka bwawani mambo yatakuwa mazuri. Mlima Nyang'oro ndio utakaokagua kazi, tena hauna upendeleo. Kamba hukatikia pembamba: kwenye kona za katikati sindano ya joto itapanda kabla yenu. Ukisimama, ukavuta kijiti na kukuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, ujue maji na oili vimekutana, na hedi uliyoipima kwa macho imetoa majibu yake.

Hatua ya 8: Uza

Sasa umekuwa na hasara ya injini mbili, lakini pia umekuwa muuzaji. Rudisha gari kwa kuvutwa, shusha injini, ioshe kwa dizeli, ipake rangi ya fedha. Futa silikoni iliyotokeza. Kisha weka tangazo, na usiandike uongo mwingi, mmoja unatosha: "Injini ya 3L inauzwa, ipo Majengo, haijawahi kufunguliwa."

Mnunuzi atakuja kabla ya Jumapili. Atazunguka, atapiga bloku makofi mawili matatu, atauliza bei. Alikufa na nini, hatauliza.