Futi kamba ya Karagwe

Mwaka 1861 Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika Bweranyange, Karagwe, kwa Omukama (mfalme) Rumanyika, akakuta wanawake wa kifalme wakinyweshwa maziwa hadi kusimama kukawashinda. Akamwomba shemeji wa mfalme ampime, na yeye kwanza akafunua mikono na miguu yake ya kizungu. Biashara ya haki, hiyo. Mzingo wa mkono: inchi 23. Akaandika.

Mwaka 1963 sheria ikafuta machifu. Mwaka 2012 wilaya ya Karagwe ikazaa wilaya ya Kyerwa, viti vya kunenepea vikawa jozi.

Leo kaa njia panda Omurushaka, tafuna senene wako, tazama mheshimiwa akishuka garini kwa awamu, tumbo kwanza. Wanawake wa Rumanyika walinenepa kwa maziwa ya ng'ombe. Huyu, sijui zizi lake liko wapi.