Mgeni Asiyekula

Mpwa wangu alipopata kazi ya msimu Scotland, alituachia baiskeli mbovu na chatu. Baiskeli ikaenda stoo. Chatu na tangi lake la kioo wakachukua kona ya sebule ambayo mke wangu alikuwa ameipangia kabati la vyombo. "Mjomba, huyu hana usumbufu," alisema kijana. "Hapigi kelele, hachafui, anakula mara moja kwa wiki mbili." Kwa sifa hizo alikuwa ameshamzidi mpwa mwenyewe, aliyekaa kwetu mwaka mzima.

Jina la chatu ni la Kizungu. Sisi tulimwita Mheshimiwa, kwa kuwa hajibu hoja na kila anachofanyiwa anakiona ni haki yake. Ni wa ile aina ndogo ya Afrika Magharibi, isiyofika mita mbili, ambayo Ghana, Togo na Benin zimeiuza nje kwa maelfu. Kule Ouidah, Benin, chatu hawa wana hekalu lao, na wakiingia nyumbani kwa mtu hawafukuzwi. Ukitoka kwenye ukoo wa namna hiyo, kuwekwa sebuleni Leicester karibu na televisheni ni kuvunjiwa heshima.

Basi akagoma kula.

Nilimyeyusha panya wa friza kama nilivyoelekezwa, nikamweka mbele yake. Mheshimiwa akamnusa kwa ulimi, akageuza shingo polepole, akajiviringa mpira na kuficha kichwa katikati ya mikunjo. Mimi nimekulia Kilosa. Kwetu mgeni akikataa chakula ametoa hukumu, na wenyeji wanaitana jikoni kunong'onezana: chumvi imezidi, au kuna neno amelisikia? Nikajikuta nimeinama mbele ya kioo nikibembeleza, "Onja hata kidogo basi." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuwahi kutembelewa na mgeni asiye na mikono.

Mpwa, kwa utulivu wa mtu aliye mbali na tatizo, akanieleza kwa simu kwamba dume wa aina hii anaweza kususa miezi kadhaa wakati wa baridi, msimu wa kupandana, na akabaki mzima. Cha kuangalia ni uzito. Tukaanza kumpima kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli la kukandia unga wa chapati. ("Bakuli hilo sasa ni lake," alisema mke wangu.) Gramu 1,380. Wiki iliyofuata, 1,380. Kisha 1,376. Mimi nikiruka chakula cha mchana napungua zaidi ya hapo.

Hata hivyo nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Akamchungulia mdomoni, hakuona ugonjwa, halafu akageukia makazi na kunihoji kama bwana afya aliyekuja kukagua choo. Upande wa joto una nyuzi ngapi? Ziwe 31 au 32. Upande wa pili? 26 hivi. Unyevu? Karibu asilimia 60. Maficho mangapi? Moja. Yawe mawili, kila upande lake, tena finyu, yambane ubavu, maana chatu huyu akijiona yuko hadharani hali. Na tuache kumshikashika. Tuache hata kumchungulia. Ushauri wa kumwacha mgeni peke yake na njaa yake niliulipia bili ambayo sikumwonyesha mke wangu.

Tukatii. Chungu cha maua kilichovunjika mdomo kikawa ficho la pili, tangi likafunikwa kanga.

Ikabaki kazi ya mpishi. Huku chatu hupewa panya waliokwisha kufa. Ni huruma kwa panya, na pia ni usalama wa nyoka, kwani panya hai aliyebanwa kwenye kona anaweza kumjeruhi vibaya. Lakini chatu ana vitundu midomoni vinavyohisi joto, na panya baridi kwake ni jiwe tu. Inabidi apashwe hadi afikie joto la kiumbe hai. Ndiyo maana shoga yake mke wangu alipopita usiku kuchukua sufuria yake, alinikuta nimesimama gizani, koleo mkono mmoja, draya ya nywele mkono wa pili.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nampiga draya."

Akachukua sufuria, akaaga. Nami nikamchezesha panya kwa koleo, kushoto, kulia, atetemeke kidogo. Mheshimiwa akatazama onyesho zima, kisha akarudi chunguni.

Aliyetuokoa ni muuzaji wa duka la nyoka. Alisema wapo wanaosusa panya weupe wa kawaida, ila wakipewa panya wa Afrika hawajivungi. Akatoa pakiti kwenye friza. Manyoya ya kahawia iliyofifia, tumbo la kijivu, masikio ya mviringo. Sikuhitaji kusoma lebo. Panya shamba! Yule anayefukua mbegu za mahindi usiku uleule zilipopandwa. Ambaye jike lake lina chuchu hadi 24 na huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Ambaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wamemfuatilia kwa miongo ili mkulima apumue. Amefungwa kwenye plastiki safi, na bei yake pauni mbili.

Usiku ule shingo ya Mheshimiwa ilijikunja, na kabla sijakaa sawa koleo likawa tupu. Akambana marehemu kwa nguvu zote, asije akabadili mawazo. Kisha akamtafuta kichwa, taya zikatanuka, upande huu ukivuta, upande ule ukivuta, mpaka mkia ukabaki unaning'inia pembeni ya mdomo. Akapiga miayo mirefu kurudisha taya mahali pake. Mke wangu akapiga kigelegele.

Tangu hapo panya mweupe hataki hata kumnusa.

Nilimpigia mama kumpa habari njema.

"Kala nini?"

"Panya shamba, mama."

"Umewapata wapi huko?"

"Nimenunua. Mmoja kama shilingi elfu saba."

Kimya. Nikamsikia akimweleza mtu pale uani, na huyo mtu akicheka hadi kukohoa.

"Baba," akasema aliporudi kwenye simu, "mwaka huu hela ya dawa ya panya usinitumie. Nitumie huyo nyoka."