Barua ya Wazi kwa Rais wa Akademia ya Filamu ya Marekani

Mheshimiwa Rais,

Najua una shughuli nyingi, na kwamba barua ya mtazamaji wa mbali, tena iliyoandikwa kwa Kiswahili, si jambo ulilolitarajia. Naomba radhi kwa usumbufu huo, nikitumaini utanivumilia, kwa kuwa ninayekuja kumwombea ni mtu wa nyumbani kwako: marehemu Thelma Ritter.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1902. Alisomea uigizaji, akahangaika na majukwaa kwa miaka mingi bila jina lake kuvuma, akaolewa, akalea watoto. Alipoonekana katika Miracle on 34th Street mwaka 1947 alikuwa na umri wa miaka 45. Humo ni mama aliyechoka kuzunguka madukani akitafuta gari la zimamoto la kuchezea, halafu anasikia Baba Krismasi wa dukani akimwahidi mwanawe hilohilo gari. Ukimtazama usoni unaona miguu inavyomuuma. Jina lake halikuandikwa kwenye filamu ile, lakini mkuu wa studio, Darryl Zanuck, alivutiwa naye kiasi cha kutaka sehemu yake iongezwe.

Akademia yako, Mheshimiwa, nayo ilimwona. Kuanzia filamu za mwaka 1950 hadi za mwaka 1962 ilimteua mara 6 kuwania tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, na mara zote 6 Oscar ikaenda kwa mwingine. Naomba nisieleweke kwamba nalaumu. Josephine Hull na Donna Reed, miongoni mwa waliomshinda, hawakuwa waigizaji wa kubezwa hata kidogo. Ila wazee wetu husema chanda chema huvikwa pete, na chanda hiki Broadway ilikivika: mwaka 1958 alipata tuzo ya Tony kwa New Girl in Town, akilingana na Gwen Verdon, mwenzake katika mchezo huohuo.

Kwa idhini yako, naomba nikukumbushe Pickup on South Street ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Samuel Fuller. Ritter ni Moe, bibi anayeuza tai mitaani na kuwauzia polisi habari za wahalifu. Kila senti anaweka akiba ya kaburi na jiwe lake, maana hofu yake kuu ni kuzikwa na jiji kama mtu asiye na kwao. Usiku mmoja anarudi chumbani hoi, anaweka santuri, anajilaza, na muuaji anaingia akitaka kujua anakoishi kijana mmoja mwizi. Moe anakataa kusema. Hapigi kelele wala halii machozi ya kutuliza watazamaji. Anazungumza taratibu, kama mtu anayehesabu madeni yake, anaeleza jinsi alivyochoka, na uchovu ule ni wa miaka mingi. Kamera inamwacha na kuhamia kwenye santuri. Tunasikia risasi. Sijaona kifo cha kwenye filamu kilichonishika kuliko hicho, na ninazitazama filamu kwa wingi.

Aliigiza wasaidizi wa nyumbani, wauguzi, akina mama wa mtaani, na kila mmoja alimpa akili yake mwenyewe. Katika All About Eve, wakati watu wote chumbani wameguswa na simulizi ya Eve, ni Birdie wake peke yake anayehisi kuna jambo. Katika Rear Window ya Hitchcock anamkanda James Stewart mgongo huku akimwambia wazi kwamba tabia ya kuchungulia majirani itamponza. Huku kwetu pia, Mheshimiwa, dada wa kazi kwenye tamthilia mara nyingi huingia na trei ya chai, akaiweka, akatoka. Ndiyo maana natamani waigizaji wetu chipukizi wamwone Ritter.

Ombi langu, kwa unyenyekevu mkubwa, ni hili. Katika kumbi za jumba lenu la makumbusho ya filamu mlilofungua Los Angeles mwaka 2021, naomba filamu zake 6 alizoteuliwa zionyeshwe kwa mfuatano katika msimu mmoja, zikitanguliwa na ile ya mwaka 1947, na jina lake liandikwe kwenye tangazo la mlangoni kwa herufi sawa na za nyota wenzake. Na kama uwezo upo, nakala ziwekewe tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, ili zikitoka hapo ziweze kuonyeshwa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar.

Iwapo nimeomba mengi mno, naomba unisamehe, na unikubalie Pickup on South Street peke yake.

Wako kwa heshima zote,

Mtazamaji na mpenzi wa filamu