Karafuu za Gramu 43

Kituo cha kununulia karafuu, upande wa Wete, baada ya Adhuhuri. Karani yuko msikitini, mwenye mzigo kafuata kahawa ng'ambo ya barabara. Ndani wamebaki Mizani, Simu ya karani, na Pishi ya mbao iliyochomoza kwenye pakacha.

MIZANI: Mie nimesema arubaini na tatu na nusu. Kilo. Karani kaona, mwenye mzigo kaona.

SIMU: Nami nikaandika 43.5, nikapeleka kwa Seva Unguja. Stakabadhi imerudi: gramu 43.

PISHI: Gramu! Magunia yote yale yamekuwa karafuu za kutilia pilau?

MIZANI: Na ile nusu yangu iko wapi?

SIMU: Kaikata. Siku hizi hapokei desimali.

SEVA (sauti inakatikakatika kutoka kwenye Simu): Nasikia natajwa. Tangu Jumatatu uzito ni gramu. Desimali zikinikorogea hesabu, na gramu ni namba nzima, haina makombo. Ilitangazwa.

SIMU: Wapi, Bi Seva?

SEVA: Mkutanoni.

PISHI: Huko huko Unguja. Mikarafuu yenu iling'olewa na kimbunga cha 1872, tangu hapo karafuu nyingi ni za huku kwetu. Hesabu ndiyo mliyobaki nayo.

SEVA: Toleo jipya la programu lipo. Karani angeliteremsha.

SIMU: Kwa bando gani? La karani limekwisha tangu juzi, na lilikwisha kwa video za mpira. Tena mie nilijiona salama, nimeandikwa kwa TypeScript. Kifuani nina maneno: uzito ni namba.

SEVA: Hata kwangu uzito ni namba.

PISHI: Basi mmeshapatana. Mzee wa watu achukue fedha ya pilau yake aende zake.

MIZANI: Msijione wa kwanza. Mwaka 1998 Wamarekani walirusha chombo kwenda sayari ya Mars, Mars Climate Orbiter. Programu moja ikatoa hesabu za msukumo kwa ratli, ya pili ikazisoma kwa nyutoni. Zote namba. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kikapotea.

PISHI: Ratli! Kumbe ratli ilifika mbali hivyo.

SIMU: Na lile vazi la TypeScript, babu, ni la kwa fundi tu. Programu ikishatengenezwa, aina zote hufutwa. Huku kituoni niko mtupu, analonipa Seva nalimeza. Wiki iliyopita alinizoesha daraja kwa namba: 1, 2, 3. Siku moja akanipa maneno, "la kwanza". Nikajaribu kuyafanya namba, nikamwonyesha mtu kuwa karafuu zake ni za daraja NaN, yaani "si namba". Akafurahi, akauliza NaN iko juu ya la kwanza kwa shilingi ngapi.

MIZANI: Na ungekagua mlangoni kabla ya kumeza?

SIMU: Fundi alisema tutaongeza baadaye.

MIZANI: Bi Seva, hakuna dawa?

SEVA: Ipo. Kunakuwa na waraka mmoja, wa OpenAPI au Protocol Buffers ya Google. Kila aina inaandikwa humo mara moja, kisha msimbo wangu na wa Simu vyote vinazalishwa kutoka humo. Ukitaka gramu, huligeuzi jina la zamani maana yake. Unaongeza sehemu mpya, uzito_gramu, na ile ya kilo unaiacha mpaka simu ya mwisho kule Micheweni ihame. Na kwenye Protocol Buffers, sehemu ikifutwa, namba yake unaiweka kando, haipewi nyengine.

SIMU: Uzuri ulioje! Sisi waraka huo tunao?

SEVA: Tunao. Wangu ninao mimi, na wako unao wewe.

(Kimya. Jamvi linapeperuka nje.)

PISHI: Zama zetu hayakuwako haya. Pishi ni vibaba vinne. Chake vinne, Mkoani vinne. Pishi sitini, jizla. Hakuna aliyeniteremsha kwa bando.

SAUTI KUTOKA CHINI YA PAKACHA: Pishi yupi huyo anayesema?

PISHI: Mie, Pishi.

SAUTI: Na mie Pishi.

SIMU: Mko wawili?

PISHI WA PILI: Huyo, mwenye mzigo humtoa akiwapimia wachumaji, kwa kuwa hulipwa kwa pishi. Humjaza mpaka afanye kilima, kisha huandika moja. Mie hunitoa mara moja kwa mwaka, akitoa mchele wa fitri. Mimi hunifuta kwa ubao.

MIZANI: Mbona nakuona mdogo?

PISHI: Kaumbwa hivyo.

SIMU: Jina moja, aina moja...

MIZANI: Hebu pandeni juu yangu, mmoja mmoja.

PISHI: Nyamazeni. Mwenyewe anarudi.